Kabla hujaagiza jemaniamu, pima volti ya kolekta

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Napiga gitaa kanisani na kwenye bendi ya vijana mtaani. Nimejitengenezea pedali ya fazi, ile ya kukwaruza sauti ya gitaa, ya transista mbili kwa kufuata mchoro wa pedali ya zamani iitwayo Fuzz Face. Mchoro ulitaka 2N3904, dukani nikapata BC547C nikaambiwa ni kitu kile kile. Inalia, ila noti zinakatika ghafla kama redio yenye betri zilizochoka, na sauti ni ndogo kuliko ya gitaa likiwa halijapita kwenye pedali. Usiku nikifungua fazi mpaka mwisho nasikia mahubiri ya redioni. Nimeifungia kwenye kontena la plastiki la kubebea chakula. Wenzangu wanasema transista za silikoni ndizo mbaya. Nikiagiza za jemaniamu tatizo litaisha?"

Marahaba. Usiagize, angalau si sasa. Ukizichomeka transista za jemaniamu, zile za aina ya zamani, kwenye ubao huo kama ulivyo, utakuwa umelipa fedha nyingi ili usikie ubovu uleule, pengine na zaidi. Umenieleza sauti vizuri mno, kwamba inakatika, ni ndogo na inashika redio, lakini hujaniandikia volti hata moja. Kwenye fazi, sauti ni matokeo ya volti. Daktari hatoi dawa kwa kusikiliza kikohozi kwenye simu.

Hata hivyo kuna neno moja kwenye barua yako lililonifanya nitabasamu: "kitu kile kile". Mwenye duka hakukudanganya kuhusu kazi. BC547 inaweza kabisa kukaa mahali pa 2N3904 kwenye sakiti hii. Kilichobaki bila kusemwa ni miguu. Chukua transista, upande bapa ukutazame, miguu iangalie chini. Kwenye 2N3904, kushoto ni emita, katikati beisi, kulia kolekta. Kwenye BC547, kushoto ni kolekta, katikati beisi, kulia emita. Kwa hiyo kama umefuata picha ya ubao bila kugeuza, umeziweka zote mbili kinyumenyume.

Ubaya ni kwamba transista iliyogeuzwa haifi wala haitoi moshi. Inafanya kazi, ila kwa ukuzaji wa mara chache tu badala ya mara mia kadhaa. Ndiyo maana watu hukaa wiki nzima wakibadilisha kapasita na kulehemu upya viungo vizuri, kwa sababu pedali "inatoa sauti" na hawaishuku transista. Mimi mwenyewe nilipoanza, nikitoka kwenye kutengeneza redio, nilipoteza Jumamosi mbili kwa kosa hilohilo. Anza hapo. Zitoe, zigeuze nyuzi 180, zirudishe. Na safari hii usizilehemu moja kwa moja. Kata vipande vitatu vitatu vya soketi ya IC, ulehemu soketi, kisha transista uichomeke juu yake. Utanishukuru ukifika kwenye majaribio.

Sasa chukua mita. Betri mpya ya volti 9, mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, na mwekundu uguse mguu mmoja baada ya mwingine. Usipige gitaa wakati unapima.

Ili namba zikuambie kitu, lazima ujue sakiti inafanya nini, na hii ni moja ya sakiti fupi kuliko zote. Transista ya kwanza inapata umeme wake kupitia rezista ya kilo-ohmu 33 na inakuza ishara ya gitaa. Kolekta yake imeungwa moja kwa moja na beisi ya transista ya pili, hakuna kapasita katikati. Ya pili inakuza tena mpaka mawimbi yanagonga dari na sakafu ya volti 9 na kukatwa vichwa. Huko kukatwa ndiko tunakokuita fazi. Emita ya pili imekaa juu ya volyumu (rezista ya kuzungusha) ya kilo-ohmu 1, na kutoka hapo rezista ya kilo-ohmu 100 inarudi mpaka beisi ya kwanza. Rezista hiyo ndiyo msimamizi. Transista ya pili ikipitisha umeme mwingi, volti ya emita inapanda, ya kwanza inafunguka zaidi, na ya pili inapunguziwa. Zinashikana mkono. Ndiyo maana kosa kwenye moja linaonekana kwenye nyingine.

Kwa transista za silikoni zilizokaa sawa, beisi ya kwanza itasoma kama volti 0.6. Emita ya pili, 0.7 hivi. Kolekta ya kwanza, kati ya 1.3 na 1.4, kwa sababu lazima ikae kama volti 0.6 juu ya emita ya pili. Na kolekta ya pili, hiyo ndiyo namba ninayoitaka kuliko zote: iwe karibu na 4.5, nusu ya betri, ili wimbi liwe na nafasi ya kupanda na ya kushuka.

Nabashiri kwamba kabla ya kuzigeuza ungekuta kolekta ya pili iko kama volti 1, imekaribiana sana na emita yake. Hapo transista iko wazi kabisa muda wote. Wimbi dogo haliwezi kuisogeza. Wimbi kubwa la mwanzo wa noti linaisogeza kidogo, kisha noti inapofifia, inakatika kama bomba lililofungwa. Ndicho unachokisikia.

Kama baada ya kuzigeuza bado unasoma volti 1, angalia rezista ya 8.2 kilo-ohmu iliyoko juu ya kolekta ya pili. Rangi zake ni kijivu, nyekundu, nyekundu. Ukiweka kijivu, nyekundu, chungwa, umeweka 82 kilo-ohmu na utapata ugonjwa uleule. Ukiweka kijivu, nyekundu, kahawia, hiyo ni ohmu 820, na kolekta itapanda mpaka volti 8 na ushei. Rezista za buluu zenye mistari mitano hudanganya macho hata ya watu wazima, hasa chini ya taa ya njano, kwa hiyo zipime kwa mita kabla hazijaingia kwenye ubao. Volti 9 kamili kwenye kolekta ya pili maana yake haipitishi kitu: ama lehemu haikushika kwenye emita, ama kolekta ya kwanza imegusana na hasi.

Hapa ndipo ninapokubaliana na wenzako kidogo. Mchoro wa Fuzz Face ulizaliwa na jemaniamu. Kampuni ya Arbiter ya London iliitoa mwaka 1966, kwenye kasha la mviringo lililotokana na kitako cha stendi ya maikrofoni, na ndiyo iliyokuja kuwa maarufu miguuni mwa Jimi Hendrix. Ile 8.2 kilo-ohmu iliwafaa wao. Ukiiacha hivyohivyo kwa silikoni, hesabu haikubali: emita ya pili ina kama volti 0.7 juu ya kilo-ohmu 1, yaani miliampia 0.7 zinapita. Miliampia hizo zikipita kwenye 8.2 na rezista ya ohmu 470 iliyo kati yake na chanya ya betri zinakula kama volti 6. Kolekta inabaki na volti 3 au pungufu, wakati sisi tunataka 4.5. Sauti ipo, lakini imeegemea upande mmoja.

Kwa hiyo marekebisho ya kwanza, na kwangu ndiyo ya maana kuliko mengine yote ukiyajumlisha, ni kuitoa 8.2 na kuweka trima ya kilo-ohmu 10, ile rezista ndogo inayozungushwa kwa bisibisi. Zungusha huku unasoma mita mpaka kolekta ya pili iwe 4.5. Utakuta trima imesimama karibu na kilo-ohmu 5 au 6. Kisha weka mita pembeni, piga gitaa, na uzungushe kidogo huku na kule kwa masikio. Mimi mara nyingi naishia kwenye 4.8 au 5, lakini hilo ni sikio langu.

Na ukiwa hapo, zungusha makusudi mpaka mwisho wa upande mmoja. Utaisikia ile sauti ya betri iliyochoka ikirudi. Kumbuka kwamba kuna watu wanaitafuta. Fazi yenyewe ilianza kama ubovu: huko Nashville, Marekani, chaneli moja ya mashine ya kuchanganyia sauti iliharibika wakati mpiga gitaa Grady Martin akipiga besi, sauti ikatoka ikikoroma, na badala ya kuifuta wakaiacha kwenye wimbo, uliotoka mwaka 1961. Fundi mitambo Glenn Snoddy akaitengenezea sakiti ya kuiiga, na mwaka 1962 ikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, ikiendeshwa na volti 3 tu. Na ukitaka kusikia fazi karibu na kwetu, tafuta gitaa la Paul Ngozi na wenzake wa Zambia wa miaka ya 1970. Hawakuwa wanaogopa sauti inayokwaruza. Basi ukipenda, badala ya trima ya ndani weka volyumu ya kilo-ohmu 10 nje ya kasha, uwe na sauti nzima na sauti inayokatika kwa mzunguko wa kidole. Tofauti ya kosa na mtindo ni kama unaweza kuizima.

Sauti kuwa ndogo kutajitengeneza kwa sehemu kubwa ukishamaliza hayo. Ikibaki pungufu, tazama ile ohmu 470. Sauti inayotoka inachukuliwa kwenye kiungo chake na trima, yaani unapewa kipande kidogo tu cha wimbi zima, kama sehemu moja ya kumi na tatu. Ibadilishe iwe kilo-ohmu 1, urudie kuweka trima kwenye 4.5, na sauti itakaribia kuongezeka maradufu. Usiende mbali zaidi ya hapo bila sababu. Amplifaya ya kanisani haikukosea chochote.

Ile herufi C mwishoni mwa BC547C nayo ina maana. Ni daraja la ukuzaji: A ni 110 mpaka 220, B ni 200 mpaka 450, C ni 420 mpaka 800. Transista mbili za C zikifuatana, kila kitu kinakuzwa, pamoja na mvumo wa waya, sauti ya "shhh" na mahubiri. Tafuta BC547A au B kwa nafasi ya kwanza. Mita nyingi za bei nafuu zina tundu la kupima ukuzaji wa transista. Nenda nayo dukani, Kariakoo wamezoea watu wa namna hii na ukiwa Nairobi, Luthuli Avenue vilevile. Transista hizi bei yake ni ya chenji, nunua kumi uchague mbili.

Sasa mahubiri. Hilo ni tatizo jingine kabisa na usilichanganye na la kwanza. Transista yenye ukuzaji mkubwa, waya mrefu usiokingwa, na kasha la plastiki: umejenga redio. Sisemi kwa utani, sakiti za redio za mwanzo hazikuwa na mengi zaidi ya hayo. Tupa kontena la chakula, au lirudishe jikoni kabla mama hajaliuliza. Tafuta kopo la bati, hata la biskuti linafaa ikiwa ni gumu kiasi cha kukanyagwa, na uhakikishe bati lenyewe limeungana na hasi. Kwa kawaida jeki yenye shingo ya chuma ikibanwa vizuri kwenye bati iliyokwanguliwa rangi inatosha. Waya wa kutoka jeki ya kuingilia uwe mfupi, na upite mbali na waya wa kutokea. Vikikaa sambamba vitapiga mluzi ukifungua fazi mwisho.

Kasha likishakuwa la chuma na bado mhubiri yupo, weka kapasita ndogo ya pikofaradi 47 mpaka 100 kati ya kolekta na beisi ya transista ya kwanza. Kwa sababu ya ukuzaji wa transista, kapasita hiyo ndogo inafanya kazi kama kubwa zaidi mara nyingi: mawimbi ya redio yanazimwa, na ile ncha ya juu kabisa ya fazi inayochoma masikio inalainika. Ukizidisha, gitaa litasikika kama limefunikwa blanketi. Hapo ndipo soketi na majaribio vinapokuwa na faida.

Hukuniuliza kuhusu besi, lakini utaniuliza. Kapasita ya kuingilia ni mikrofaradi 2.2, ambayo inapitisha kila kitu, hata chini ya noti ya chini kabisa ya gitaa, ambayo ni hezi 82. Kwa gitaa lenye pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za koili moja ni tamu. Kwa pikapu za koili mbili, nyuzi za chini zinageuka uji. Jaribu nanofaradi 100, na ukitaka sauti iliyokauka zaidi, 47. Hii ni kapasita ya shilingi chache inayobadilisha pedali kuliko transista yoyote utakayoagiza ng'ambo, na nashangaa watu hawaigusi.

Kuna jambo la gitaa la kanisani. Kama ni lile la mbao lenye betri ndani yake na vitufe ubavuni, fazi hii italia vibaya mbele yake, kali na nyembamba, na ukipunguza volyumu ya gitaa haitasafika. Si kosa la ujenzi wako. Fuzz Face ina mlango mzito: inaivuta pikapu yenyewe, na mvutano huo ndio unaofanya fazi ilainike ukipunguza volyumu ya gitaa kwa kidole kidogo. Gitaa lenye betri, au pedali nyingine iliyotangulia yenye bafa, yaani sakiti ndogo inayotenganisha kinachoingia na kinachotoka, inakata uhusiano huo. Kwa hiyo gitaa la umeme la kawaida liingie kwenye fazi moja kwa moja, fazi iwe ya kwanza kabla ya pedali zote. Kama huna namna, weka rezista ya kilo-ohmu 10 mpaka 47 kwenye njia ya kuingilia. Haitakuwa sawasawa, lakini itapunguza ukali.

Tuje kwenye jemaniamu, maana najua utazinunua tu siku moja. Zina sauti nzuri. Zinalainika vizuri kuliko silikoni ukipunguza volyumu ya gitaa, na sikatai. Lakini unaishi Tanga, na jemaniamu na joto haviivi chungu kimoja. Transista hizi huvuja umeme hata zikiwa zimefungwa, na uvujaji huo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi kumi za joto. Niliwahi kupanda nayo jukwaa la nje saa nane mchana, pedali niliyoiweka sawa asubuhi sebuleni. Wimbo wa pili ikaanza kukatika, wa tatu ikanyamaza. Tuliiweka kivulini chini ya spika, ikarudi kulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu hapo trima yangu ya jemaniamu iko nje ya kasha.

Ukizinunua, zipime kwanza. Weka mita kwenye alama ya diodi, pima beisi na emita: jemaniamu ya kweli inasoma 0.2 mpaka 0.3, ikisoma 0.6 au 0.7 umeuziwa silikoni iliyoandikwa jina jingine, na hilo hutokea sana. Usiiamini namba ya ukuzaji inayotolewa na mita, kwa sababu uvujaji unahesabiwa kama ukuzaji. Yenye 120 kwenye kioo inaweza kuwa 80 halisi. Wajenzi wengi hulenga 70 mpaka 80 kwa nafasi ya kwanza na 110 mpaka 130 kwa ya pili. Kabla ya kuagiza, pekua maiti za redio za miaka ya 1960 kwa mafundi wazee. Humo ndimo transista za jemaniamu kama AC128 na OC71 zilipolala.

Na tahadhari: nyingi kati ya hizo ni PNP, yaani umeme wake hupita kinyume na wa BC547 yako, maana yake betri inageuzwa na chanya ndiyo inayoungwa na kasha. Pedali kama hiyo usiilishe kwenye adapta moja na pedali zako nyingine. Kasha lake ni chanya, makasha mengine ni hasi, na yanakutana kwenye waya wa gitaa. Hiyo ni shoti.

Kwa betri huna haja ya kuogopa gharama. Sakiti inakula miliampia 1 hivi, na betri nzuri ya alkalini itakaa mamia ya saa, mradi utumie jeki ya stirio kwenye kuingilia ili waya ukichomolewa betri ikatike. Ukitumia adapta na ikavuma, weka rezista ya ohmu 100 kwenye njia ya chanya, ikifuatiwa na kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda hasi.

Basi geuza transista, pima, kisha niandikie namba nne: beisi ya kwanza, kolekta ya kwanza, emita ya pili, kolekta ya pili. Na picha ya ubao upande wa lehemu, si upande wa juu.